Mbwamwitu wa Badenoch: alilichoma kanisa kuu la Elgin kwa sababu ya mke, ardhi au ndugu zake?

#1 Mnara wa Kale (mleta mada)
Habari za jioni, wana jukwaa. Naleta mada ya mtu ambaye wasimulizi wa vitisho wamemtaja zaidi kuliko wanahistoria: Alexander Stewart, Mwinyi wa Badenoch na Erli wa Buchan, mtoto wa Mfalme Robert II wa Uskoti, maarufu kwa jina la Mbwamwitu wa Badenoch. Tarehe 17 Juni 1390 watu wake walishuka kutoka milimani wakauteketeza mji wa Elgin. Liliungua kanisa la Mtakatifu Giles, ikaungua hospitali ya Maison Dieu, zikaungua nyumba 18 za makanoni (mapadri wa kanisa kuu) na makasisi, na mwishowe kanisa kuu lenyewe pamoja na vitabu na hati zilizohifadhiwa humo. Mwezi uliotangulia walikuwa wamekwisha kuuchoma mji wa Forres.

Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba alimwacha mke wake wa ndoa, Euphemia, mrithi wa jimbo la Ross, akaishi na mwanamke aitwaye Mairead. Maaskofu wakamwamuru arudi kwa mkewe, akatengwa na Kanisa, naye akalipiza kwa moto. Mimi siamini. Katika zama ambazo makabaila wengi walikuwa na masuria bila kuficha, na ambazo baba yake mwenyewe alikuwa na watoto wengi wa nje ya ndoa, sioni jinsi kemeo la askofu juu ya mwanamke lingetosha kumfanya mwana wa mfalme ateketeze kanisa lililosifiwa kuliko yote ya kaskazini. Wenye ujuzi wachangie.

#2 Pilipili Kichaa
Mleta mada ameanza kumtafutia Mbwamwitu udhuru tangu aya ya pili. Tujulishwe mapema kama ni mwanahistoria au ni wakili wa utetezi. Mkeka nimeshatandika.

#3 Karani Mstaafu
Salaam. Nimetumikia masjala ya ardhi sehemu kubwa ya maisha yangu, na kwangu mimi ugomvi huu ni wa ardhi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Oktoba 1380, miaka kumi kabla ya moto, Alexander aliitisha baraza kwenye mawe ya kale yaliyosimamishwa karibu na Kingussie, akawataka wote wenye ardhi ndani ya Badenoch waje waonyeshe hati zao na kumtambua kuwa mwinyi wao. Askofu Alexander Bur wa Moray, ambaye kanisa lake kuu ndilo hilo la Elgin, alifika, lakini alifika ili kukataa: alidai kwamba ardhi za kanisa zilizomo Badenoch zilishikwa moja kwa moja kutoka kwa mfalme, na kwa hiyo baraza lile halikuwa na mamlaka juu yake. Siku iliyofuata, katika ngome ya Ruthven, Alexander alirudi nyuma, na kumbukumbu za shauri lile zikatiwa motoni. Kwa hiyo moto wa kwanza katika habari hii uliunguza maandishi tu, na uliwashwa kwa faida ya askofu.

Aliyeshindwa shauri la ardhi hadharani hasahau. Ofisini kwetu alikuwepo mzee aliyekuja kila baada ya mavuno kuulizia faili lililopotea kabla mimi sijaajiriwa. Hakuwa na tamaa ya kile kiwanja tena. Alitaka mtu mmoja tu akiri kwamba alionewa. Mleta mada ametaja hati zilizoungua Elgin kana kwamba ziliungua kwa bahati mbaya. Mimi ningeanzia hapo.

#4 Binti wa Kisimani
Nakubaliana na Karani kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba ninyi nyote mnamtaja Euphemia kama mke aliyeachwa, wala hakuna anayesema alikuwa nani.

Baba yake, William, Erli wa Ross, alifariki mwaka 1372 bila mtoto wa kiume aliye hai, hivyo jimbo zima likawa la Euphemia. Mume wake wa kwanza, Walter Leslie, alikuwa askari kipenzi cha Mfalme David II, na ndoa ile ilisukumwa na mfalme. Leslie alipofariki mwanzoni mwa mwaka 1382, haukupita mwaka kabla mjane hajaozwa kwa Alexander. Kupitia kwake Alexander alipata usimamizi wa Ross, ardhi zilizofika hadi visiwa vya Skye na Lewis, pamoja na ardhi za Buchan zilizompa cheo cha erli. Kabla ya hapo alikuwa mwana wa mfalme mwenye milima na ngome ya Lochindorb, iliyo kwenye kisiwa katikati ya ziwa. Baada ya hapo hakuwa na mpinzani kaskazini.

Kwa hiyo ndoa na ardhi katika kesi hii havitenganishiki. Novemba 1389 maaskofu wa Moray na Ross walipomwamuru amrudie mkewe na kumtunza kwa mapenzi ya ndoa, tena kwa dhamana ya pauni 200, walikuwa wanagusa mali. Mwaka 1392 Papa Clement VII wa Avignon aliibatilisha ndoa hiyo, na Euphemia akabaki na Ross yake. Katika ukoo wetu shangazi yangu alilimiwa shamba na mume kwa miaka mingi. Walipotengana, shamba lilirudi na mwenyewe, na shemeji yule hadi leo hasemi kwamba aliachika, husema kwamba alinyang'anywa.

#5 Ukungu wa Kaskazini
Naishi Aberdeen na nimefika Elgin zaidi ya mara moja, hivyo naomba kusahihisha picha ambayo wengi wanayo vichwani. Mgeni akisimama mbele ya ile minara miwili ya magharibi, akaona ukumbi usio na paa, huambiwa kwamba hayo ni matendo ya Mbwamwitu. Si kweli, au si kweli yote. Kanisa lile, lililoanzishwa mwaka 1224 na kuitwa Taa ya Kaskazini, lilikarabatiwa baada ya 1390, na kazi iliendelea kwa miongo mingi. Mwaka 1402 mji ulishambuliwa tena, safari hii na Alexander wa Lochaber, ndugu wa Mwinyi wa Visiwa, mtawala wa visiwa vya magharibi. Kilichoua jengo ni Mageuzi ya Kidini ya mwaka 1560, Uskoti ilipoacha Ukatoliki: mwaka 1567 madini ya risasi yaliyoezekea paa yaliondolewa kwa amri ya serikali ili yauzwe kulipia majeshi, mvua ikafanya iliyobaki, na mnara wa kati ukaanguka Jumapili ya Pasaka mwaka 1711. Hata hivyo, ukumbi wa makanoni wenye nguzo moja katikati bado umesimama, na unastahili kutazamwa hata na asiyependa makanisa.

#6 Kitabu Chakavu
Karani anazungumzia mwaka 1380 na Binti anazungumzia mwaka 1389. Moto ulikuwa wa 1390, na swali linalopaswa kujibiwa ni kwa nini mwaka huo.

Tazameni kilichotokea ndani ya nyumba ya mfalme. Robert II alikuwa amezeeka, na tangu mwaka 1384 madaraka yalikuwa mikononi mwa mwanawe mkubwa, John, Erli wa Carrick. Mwaka 1388 John alipigwa teke na farasi akalemaa, na Agosti mwaka huo huo mshirika wake mkuu, Erli wa Douglas, aliuawa vitani Otterburn. Desemba ndugu wa pili, Robert, Erli wa Fife, akafanywa msimamizi wa ufalme. Mara Alexander akavuliwa uhakimu mkuu wa nchi za kaskazini ya mto Forth, na mwaka 1389 cheo hicho akapewa Murdoch, mtoto wa Robert mwenyewe. Yaani kaka alimvua mdogo wake cheo, kisha akamvika mwanawe.

Mfalme alifariki tarehe 19 Aprili 1390. John hakutawazwa, kwa jina la Robert III, hadi Agosti 14. Forres iliungua Mei, Elgin Juni. Matendo yote mawili yaliangukia katika miezi ile ambayo mfalme mmoja amekufa na mwingine hajavikwa taji. Hasira ya mume haichagui kalenda namna hiyo. Ulikuwa ujumbe kwa ndugu zake kwamba kaskazini haitawaliki bila yeye.

#7 Mjukuu wa Babu
Naomba kueleweshwa. Niliwahi kusoma kwamba Euphemia wa Ross alikuwa malkia, mke wa Robert II. Sasa iweje aolewe na mtoto wa mumewe? Hata kwa hao makabaila, hilo limezidi.

#8 Binti wa Kisimani
Mjukuu, hao ni wanawake wawili wenye jina moja. Malkia Euphemia alikuwa dada yake William, Erli wa Ross. Mke wa Mbwamwitu alikuwa binti wa William huyo huyo. Kwa hiyo mama wa kambo wa Alexander alikuwa shangazi wa mkewe. Malkia aliolewa na Robert mwaka 1355, baada ya mama yake Alexander, Elizabeth Mure, kufariki.

#9 Mnara wa Kale (mleta mada)
Elizabeth Mure ametajwa kwa wakati mzuri, kwa sababu hapo pana jambo ambalo nilitaka kulifikia. Robert na Elizabeth walikuwa na undugu uliokatazwa na sheria ya Kanisa. Waliishi pamoja na kuzaa watoto kadhaa, Alexander akiwa miongoni mwao, kabla ya Papa Clement VI kutoa ruhusa mwaka 1347 na ndoa kufungwa ipasavyo mwaka 1349. Watoto wote walihalalishwa, na mwaka 1373 bunge liliwataja kwa mpangilio katika sheria ya urithi wa kiti: John, Robert, Alexander, kisha wale wawili wa Malkia Euphemia, David na Walter. Aliyezaliwa katika muungano ambao Kanisa lililazimika kuutakasa baadaye, akaja kuamriwa na Kanisa hilo hilo aache muungano wake na Mairead, bila shaka aliona kwamba sheria hizi hupinda zikikutana na wenye nguvu. Sisemi kwamba hili ndilo chanzo. Nasema lilimpunguzia hofu.

#10 Kitabu Chakavu
Hoja ya #9 inavutia lakini haina mashiko. Kama ni suala la kuzaliwa kabla ya ndoa, John na Robert walikuwa katika hali ile ile, nao hawakuchoma kanisa lolote. Walioishikilia hoja hiyo kwa kweli walikuwa upande wa pili wa nyumba: Walter, yule mtoto wa Malkia Euphemia, aliishi hadi mwaka 1437, akauawa kwa kuhusika na mauaji ya Mfalme James I, mtoto wa Robert III, yaani mtoto wa kaka yake Alexander. Hilo ni tawi jingine, tusiende huko.

#11 Pilipili Kichaa
Mnabishana juu ya hati na tarehe huku mkiuacha ushahidi mkubwa. Wenyeji wanasimulia kwamba usiku mmoja mgeni mrefu mwenye mavazi meusi alifika Ruthven akamwalika mwenye ngome wacheze sataranji. Walicheza hadi alfajiri, mgeni akatamka mwisho wa mchezo, radi ikapiga, na asubuhi watumishi wakakutwa wamekufa nje ya kuta, naye Alexander amelala ukumbini bila jeraha, ila misumari yote ya viatu vyake imeng'oka. Mgeni alikuwa Ibilisi. Wanasheria wa humu ndani waniambie hiyo ni kesi ya ardhi au ya ndoa.

#12 Ukungu wa Kaskazini
Pilipili, ukienda Ruthven leo ukitafuta ukumbi huo utaonyeshwa kuta nzuri juu ya kilima, na utapiga picha. Kuta hizo ni za kambi ya askari iliyojengwa baada ya maasi ya mwaka 1715. Ngome ya Alexander ilikuwa juu ya kilima hicho hicho, lakini haionekani tena. Kinachoonekana ni kaburi lake, katika kanisa kuu la Dunkeld: sanamu ya mawe ya mtu aliyelala chali akiwa amevaa deraya kamili, mojawapo ya sanamu chache za watu wa nyumba ya kifalme ya Uskoti zilizosalia kutoka Enzi za Kati. Aliyechoma kanisa kuu la Moray alizikwa kwa heshima ndani ya kanisa kuu jingine.

#13 Mjukuu wa Babu
Nashukuru kwa #8. Kuhusu kaburi: maandishi yake yanataja mwaka 1394, ilhali nimeona pengine 1405. Ipi ni ipi?

#14 Karani Mstaafu
Mjukuu, wanahistoria wa siku hizi huegemea 1405 au mwanzoni mwa 1406, kwa kuwa kumbukumbu za serikali zinamtaja akiwa hai baada ya 1394. Mchonga mawe anaweza kukosea, na maandishi ya kaburini hutengenezwa upya. Mimi nikipewa jiwe na daftari la hazina vipingane, nitachukua daftari.

Namrudia Kitabu Chakavu. Hesabu yako ya miezi ni nzuri, lakini umeruka Februari 1390. Mwezi huo Askofu Bur aliweka mkataba na Thomas Dunbar, mtoto wa Erli wa Moray, ili Dunbar amlinde yeye, watu wake na mali ya kanisa. Kazi ya ulinzi katika nchi ile ilikuwa haki ya Alexander kwa cheo chake, na ilikuwa na malipo. Askofu alihamisha ulinzi pamoja na malipo, akampelekea jirani mpinzani. Miezi minne baadaye mlinzi wa zamani alionyesha kwamba mlinzi mpya hawezi kulinda. Hapo hahitajiki ndugu wala hawara.

#15 Kitabu Chakavu
Na ni nani aliyempa askofu ujasiri wa kumgeukia Dunbar, kama si kuanguka kwa Alexander mwaka 1388? Karani ananiletea ushahidi wangu mwenyewe akidhani ni wake.

#16 Bwana Shamba
Nimefuatilia kimya tangu #1. Sijaona aliyewazungumzia walioshika mienge. Badenoch ni nchi ya juu, yenye baridi na udongo mwembamba, inayofaa ng'ombe kuliko nafaka, na chini yake kuna tambarare ya Moray yenye mashayiri, miji na maghala ya kanisa. Tangu tauni ya 1349 na zile zilizofuata, makabaila wa milimani waliweka magenge ya wapiganaji waliolishwa kwa kupangishwa vijijini na kwa nyara. Alexander hakuyaanzisha magenge hayo. Aliyatumia, na pengine hakuwa na njia ya kuyalisha alipopoteza mapato ya vyeo vyake. Mtu mwenye jeshi lisilolipwa hulipeleka palipo na chakula. Ukweli mwingine ni kwamba karibu yote tunayoyajua yaliandikwa na watu wa Kanisa. Askofu Bur alimwandikia Robert III akiomboleza kanisa lake kuwa pambo la nchi na utukufu wa ufalme. Wachungaji wa Badenoch, waliomwita mwinyi wao Alasdair Mkubwa mwana wa mfalme, hawakumwandikia mtu.

#17 Pilipili Kichaa
Wakili wa pili wa utetezi ameingia. Na toba je? Si alipiga magoti?

#18 Mnara wa Kale (mleta mada)
Alipiga. Ilikuwa Perth, katika kanisa la Wadominiko, mbele ya mfalme na ya kaka yake yule wa Fife. Askofu Walter Trail wa St Andrews akamfungulia na kumrudisha katika Kanisa baada ya kuahidi fidia. Robert III naye alitoa pauni 20 kwa mwaka kusaidia ukarabati. Lakini mtenda kosa la ukubwa ule hakufungwa, hakunyang'anywa Badenoch, wala hakukatwa kichwa. Naona nyumba ya mfalme ilijua kwamba inamhitaji, jambo linalompa nguvu Kitabu Chakavu.

#19 Binti wa Kisimani
Au lilionyesha kwamba hawakuwa na uwezo wa kumfikia. Mwaka 1392, baada ya toba hiyo, wanawe waliongoza wapiganaji wakaivamia Angus, na Walter Ogilvy, sherifu wa Angus, akauawa katika mapambano ya Glasclune. Hiyo si familia iliyotubu.

Na kwa kuwa mada inahusu familia yake, tufike kwenye vita vya Harlaw. Mwanawe mkubwa, naye Alexander Stewart, alikuwa Erli wa Mar, na tarehe 24 Julai 1411 aliongoza majeshi dhidi ya Donald, Mwinyi wa Visiwa, aliyekuwa anashuka kudai Ross na kutishia Aberdeen. Donald alikuwa mtoto wa Margaret Stewart, dada yake Mbwamwitu. Kwa hiyo waliopigana pale walikuwa binamu, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Tena Donald aliidai Ross kwa haki ya mkewe, Mariota, ambaye ni binti wa Euphemia na Walter Leslie, yaani binti wa kambo wa Mbwamwitu. Na aliyekuwa anaing'ang'ania Ross upande wa pili ni Robert wa Fife, sasa Duku wa Albany, kupitia mjukuu wake, ambaye naye alikuwa mjukuu wa Euphemia. Mleta mada aliuliza kama chanzo kilikuwa mke, ardhi au ndugu. Harlaw vyote vitatu vilikuwa uwanja mmoja, na mke mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa Fortrose.

#20 Pilipili Kichaa
Mngemaliza na namna huyo mtoto alivyoupata u-erli wa Mar. Mume wa Isabella Douglas, mrithi wa Mar, alitekwa na watu wasiojulikana akafia kifungoni mwaka 1402. Mwaka 1404 kijana wetu akatokea na wapiganaji, akaishika ngome ya Kildrummy pamoja na mjane, naye mjane akaandika hati ya kumpa jimbo lote. Yalipozuka maneno, kijana akasimama langoni mbele ya mashahidi, akamkabidhi mama funguo za ngome, na mama, "kwa hiari yake", akamchagua awe mumewe. Baba alioa mjane mwenye jimbo, mtoto akaoa mjane mwenye jimbo.

#21 Ukungu wa Kaskazini
Pamoja na hayo, huyo mtoto aliheshimiwa Aberdeen kuliko kabaila yeyote wa wakati wake, kwa sababu aliuokoa mji. Mwaka 1408 alipigana katika vita vya Othée, Ubelgiji ya leo, upande wa Duku wa Burgundy, na alifariki mwaka 1435 bila mrithi halali, Mar ikaenda kwa mfalme.

#22 Mjukuu wa Babu
Mama yake huyo Erli wa Mar ni Mairead?

#23 Binti wa Kisimani
Ndivyo inavyokubalika na wengi, ingawa wapo wanaodhani si watoto wote waliozaliwa na mama mmoja. Kwa Euphemia hakupata hata mmoja. Hapo ndipo nampinga mleta mada moja kwa moja: kama Alexander angepata mwana halali kwa Euphemia, bado Ross ingekwenda kwa mtoto wa Leslie, aliyetangulia kuzaliwa. Aliyeujua ukweli huo tangu siku ya harusi hakuwa na sababu ya kukaa Dingwall, makao ya ma-erli wa Ross. Mairead alimpa wana wa kushika silaha, na wana hao ndio waliobaki na kaskazini.

#24 Karani Mstaafu
Bila hati, lakini.